Beringi za Kranki: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Injini ya lori la mahindi la Kibaigwa, au ya mashine ya kusaga uwele kijijini, ikinoki, wengi hukimbilia duka la vipuri. Usianzie huko. Beringi hufuata kranki, kwa hiyo anza na kranki.

1. Soma beringi za zamani kabla ya kuzitupa. Mikwaruzo ya kuzunguka ni alama ya uchafu kwenye oili. Iliyoyeyuka ilikosa oili. Rekebisha chanzo, la sivyo mpya zitakufa vilevile.

2. Pima kila shingo ya kranki kwa mikromita, kisha igeuze robo duara upime tena. Tofauti ikizidi kiwango cha kitabu cha injini, au mkwaruzo ukinasa ukucha, kranki ikachongwe.

3. Nunua beringi baada ya kranki kurudi. Ikichongwa milimita 0.25, chukua beringi ya 0.25, ambayo dukani huitwa saizi 10, ya 0.50 ni saizi 20. Soma namba mgongoni mwa beringi, usiamini boksi peke yake.

4. Safisha. Nafasi ya oili kati ya shingo na beringi, kwa injini nyingi, ni sehemu chache tu za mia za milimita, na punje moja ya mchanga huijaza. Upepo wa kiangazi wa Dodoma hauheshimu mlango wa gereji. Sugua matundu ya oili kwa brashi na mafuta ya taa, puliza kwa kompresa, funika kwa nailoni.

5. Funga. Mgongo wa beringi uwe mkavu. Oili ipakwe ndani tu. Ulimi ukae kwenye pengo lake, tundu la oili lilingane na la bloku, kila kepu irudi palepale ilipotoka. Usipige tupa kepu wala kutia karatasi nyuma ya beringi: itashindwa kutoa joto, na inaweza kuzunguka.

6. Kaza kwa spana ya toki, kwa awamu. Kila umalizapo kepu moja, zungusha kranki kwa mkono. Ikigoma, kosa liko kwenye kepu uliyokaza mwisho, ifungue.

Fundi, mteja akikuhimiza ufunge jioni hii wakati vumbi linatimka, mwombe akupe hadi asubuhi upepo utulie. Ni kwa faida yake.