Jinsi ya Kutunza na Kuziba Nyasi Bandia za Uani

Muhula huu somo letu la kazi za nyumbani lahusu nyasi zisizokua, zisizokatwa wala kunyweshewa maji. Hutengenezwa kiwandani kwa plastiki, huja zimekunjwa mfano wa zulia, na huuzwa kwa mita. Mtu wa Chilangala aweza kuzitamani upesi kuliko mtu wa bondeni, maana juu ya uwanda huu wa Makonde maji ni ya shida. Hakuna mto upitao hapa juu, na mwenye ndoo moja haimwagi kwenye majani.

Yafaa wasomaji wajue kwamba nyasi hizi zilijulikana kwanza shuleni. Mwaka 1964 zilitandikwa katika shule ya Moses Brown, mjini Providence, Marekani. Mwaka 1966 zikawekwa katika uwanja wa Astrodome, Houston, wenye paa juu yake. Huko nyasi za kweli zilikuwa zimekufa kwa kukosa jua baada ya vioo vya paa kupakwa rangi. Kwetu Tanzania viwanja vya mpira kama Kaitaba, Bukoba, na Nyamagana, Mwanza, vilitandikwa nyasi bandia katika miaka ya 2010. Walakini uwanja wa mpira una watu wa kuutunza. Ua wa nyumba una watoto, kuku, na jiko la mkaa.

Tuseme baba ameuza korosho zake, akanunua zulia la kutandika uani. Zulia bora laweza kudumu miaka 10 au zaidi. Lakini likitandikwa vibaya, masika moja yatosha kuliharibu, na fedha za msimu mzima zimekwenda. Basi tazameni kwanza chini, kabla ya kutazama juu.

Ukiligeuza zulia utaona kitambaa kigumu chenye matundu madogo. Nyuzi za plastiki zimeshonwa katika kitambaa hicho, na gundi imepakwa nyuma ili zishike. Maji ya mvua hupita katika matundu yale. Kwa hiyo chini yake pasiwe na udongo mtupu. Chimba sentimita 7 au 8, ng'oa mizizi yote, shindilia kokoto ndogo, kisha tandaza mchanga juu yake na kuusawazisha. Acha mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 1, ukitoka nyumbani kwenda nje. Mvua zetu za Desemba mpaka Aprili ni nzito, na udongo wetu wa kichanga huchukuliwa na maji upesi sana. Hasa jihadhari na mstari chini ya ukingo wa bati. Matone yaangukayo pale hufukua mchanga chini ya zulia, likabonyea. Jirani wa ukingo huo ni birika la maji ya mvua. Likifurika, maji hupenya upande na kuinua pindo. Acheni nafasi ya hatua moja hapo, mkaijaze kokoto.

Kazi ya kila juma ni ndogo. Nyuzi hulala kwa kukanyagwa, basi zipige kwa ufagio mgumu kuelekea kinyume cha zilikolala. Brashi ya waya isitumike, hukata nyuzi. Mchanga unaomwagwa katikati ya nyuzi ili zisimame uwe mkavu, uliooshwa. Udongo mwekundu hugeuka tope na kuziba matundu. Mavi ya kuku yaondolewe yakiwa makavu, kisha pahali pale paoshwe kwa maji kidogo ya sabuni. Petroli na mafuta ya taa yasiguse kabisa. Kivuli cha mkorosho ni kizuri, lakini maji ya mabibo huacha doa, basi yaokotwe kila asubuhi wakati wake.

Adui mkubwa ni kaa la moto. Plastiki ya nyuzi hizi nyingi huyeyuka kabla ya nyuzi 130 za Selsiasi, na kaa la jiko hupita hapo mara kadhaa. Tundu likitokea lisiachwe, kwa sababu watoto hulichokonoa na nyuzi za kando huanza kung'oka.

Kuliziba si kazi ngumu. Kata pahali palipoungua kwa umbo la mraba, ukipitisha kisu upande wa nyuma, katikati ya mistari ya mshono, ili usikate nyuzi nzima. Twaa kipande kilichobaki siku ya kutandika, ukikate kwa kipimo kile kile. Hapa wengi hukosea: hawatazami nyuzi zimelalia wapi. Kiraka kikielekea kwingine, kitaonekana kama shati lililotiwa kiraka cha rangi nyingine, hata kikishikana vema. Weka chini ya tundu utepe mpana wa kuungia, nusu yake chini ya zulia na nusu chini ya kiraka, kila upande. Paka gundi isiyoyeyuka kwa maji, bandika, toa nyuzi zilizonaswa, kisha weka matofali juu yake kwa siku nzima. Siku ya mvua isichaguliwe.

Kwa maoni yangu ua mzima usitandikwe. Jua la mchana huweza kulitia zulia joto lipitalo nyuzi 60, na mtoto asiye na viatu ataungua nyayo. Tena, ua wa udongo unaofagiwa kila asubuhi, kama wafanyavyo mama zetu, haugharimu kitu, na nyoka akipita alama yake huonekana. Zulia lingetosha pembe moja yenye kivuli, mbali na jiko.

Vipande vilivyobaki vikunjwe na kuwekwa ndani, maana jua huvichakaza. Zulia lililochakaa lisichomwe moto, kwa kuwa moshi wake ni mbaya. Lakini lisitupwe bondeni pia. Sehemu zilizo nzima zikatwe kwa kufutia miguu mlangoni.