Mabwawa ya Mchanga: Maji ya Mito ya Msimu Ukambani

Bwawa la mchanga ni ukuta unaojengwa kukatiza mto wa msimu, ukasimama juu ya mwamba, ili mchanga unaoletwa na mafuriko ujae nyuma yake na maji yabaki ndani ya mchanga huo. Ukuta huwa wa zege au wa mawe yaliyoungwa kwa saruji, na kimo chake kwa kawaida ni kati ya mita 1 na 5. Anayepita hapo wakati wa kiangazi haoni maji, ila mchanga mkavu uliotandaa kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yako chini, katika nafasi zilizo kati ya chembe na chembe. Katika mchanga wa chembe kubwa nafasi hizo hufikia robo hadi theluthi ya ujazo wote.

Duniani, eneo linalojulikana zaidi kwa mabwawa haya ni Ukambani, yaani kaunti za Kitui, Machakos na Makueni mashariki mwa Kenya. Ukiacha Tana na Athi, mito mingi ya huko hutiririka kwa saa au siku chache baada ya mvua kubwa, kisha hukauka. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na wakulima wengi huitegemea zaidi vuli. Kati ya mwisho wa masika na mwanzo wa vuli kuna kiangazi cha miezi kama mitano. Lambo lililo wazi, au silanga kama linavyoitwa na wengi, huteseka sana katika kipindi hicho, kwa kuwa jua na upepo wa maeneo hayo vinaweza kunywa kina cha takriban mita 2 za maji kwa mwaka. Visima virefu navyo si jibu la kila mahali: sehemu nyingi za Kitui maji yake ni ya chumvi, na pampu huhitaji mafuta au umeme.

Maji yaliyo mchangani hayapotei kwa kasi hiyo. Yakishashuka zaidi ya nusu mita hivi chini ya uso wa mchanga, uvukizi hupungua mno. Mbu hawapati pa kutagia, na mchanga huyachuja maji yanapopenya.

Wakamba walikuwa wakichimba maji katika mchanga wa mito muda mrefu kabla ya saruji kufika. Ukuta uliongeza tu akiba ambayo mto ulikuwa nayo tayari. Kuta za kwanza za kisasa zilijengwa Machakos miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na baadhi bado zinahifadhi maji. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, Machakos, walianzisha kikundi kilichokuja kuwa shirika la Utooni. Huko Kitui, shirika la SASOL lililoundwa mwaka 1990 limesaidia jamii kujenga mamia ya mabwawa. Nguvu kazi imetoka kwa vikundi vya mwethya, desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi kwa zamu. Wanakijiji hukusanya mawe, mchanga na maji ya kuchanganyia; mfadhili au kaunti hutoa saruji, nondo na fundi. Pale ambapo mkandarasi alileta kila kitu na kuondoka, ufa wa kwanza mara nyingi hukosa mwenyewe.

Mahali pa kujenga

Kosa la gharama kubwa zaidi hufanyika kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa, nalo ni kuchagua mahali pabaya. Si kila mto wa mchanga unafaa. Sharti la kwanza ni mwamba usiopitisha maji, au udongo mgumu wa mfinyanzi, ulio karibu na uso wa mto. Kina chake hupimwa kwa kupigilia chuma kirefu mchangani hatua kwa hatua, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mahali ambapo mwamba umeinuka na mto umebana, huku juu yake mto ukiwa mpana na wenye mteremko mdogo, ukuta mfupi unaweza kushikilia mchanga mwingi. Mahali penye mawe makubwa yaliyorundikana bila kushikana hapafai, kwa sababu maji yatapenya chini yake na kutoroka.

Wenyeji wana maarifa ambayo hakuna chombo kinachoyapita. Wanajua shimo gani la mchangani huwa na maji hadi Septemba na lipi hukauka Juni. Mikuyu mikubwa kandokando ya mto huonyesha kwamba mizizi inafikia maji. Ng'ombe wanaolamba mawe ya ukingoni ni onyo: huenda mawe hayo yana chumvi, na maji ya bwawa yatakuwa ya chumvi pia.

Sharti la pili ni aina ya mchanga. Mchanga wa chembe kubwa, unaotokana na mmomonyoko wa miamba kama graniti, huachia maji kwa urahisi. Mchanga laini au tope huyashika yasitoke. Jaribio lake ni rahisi. Ndoo ya lita 20 hujazwa mchanga mkavu wa mtoni, kisha humiminiwa maji yaliyopimwa hadi yaonekane juu. Hapo ndoo hutobolewa chini na maji yanayotoka hupimwa. Yakitoka lita 5, mchanga huo unatoa robo ya ujazo wake. Yakitoka lita 1 tu, ni afadhali kikundi kitafute mto mwingine.

Hesabu ya akiba hufuata hapo. Bwawa lenye mita za ujazo 1,000 za mchanga unaotoa robo lina lita 250,000 za maji yanayoweza kutekwa, sawa na mitungi 12,500 ya lita 20. Kaya 25 zikiteka mitungi mitano kila moja kwa siku, akiba hiyo itatosha siku 100. Kwa kawaida siku huwa zaidi, kwa sababu kingo nazo hunywa maji wakati wa mvua na kuyarudisha polepole mtoni.

Ujenzi na kujaa kwa bwawa

Ukuta hauwekwi juu ya mchanga kamwe. Msingi huchimbwa hadi kwenye mwamba na kufungwa humo kwa nondo. Mabawa ya ukuta huingizwa ndani ya kingo pande zote mbili, na katikati huachwa njia ya mafuriko iliyo chini kuliko mabawa, ili maji yabaki katika mkondo wake. Kuta nyingi zilizoharibika hazikuvunjwa na nguvu ya maji yaliyozigonga. Mto ulichimba ukingo ukazunguka bawa, au maporomoko yalikula ardhi chini ya ukuta. Kwa hiyo upande wa chini hutandazwa mawe makubwa, na kingo hupandwa mkonge na mabingobingo.

Mahali penye tope jingi, njia ya mafuriko huinuliwa kwa awamu, msimu baada ya msimu. Mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta mfupi, na tope jepesi huchukuliwa na maji kwenda zake. Ukuta ukipandishwa mara moja hadi kimo chake chote, maji hutulia nyuma yake na tope hutua pia, kisha kikundi hubaki na bwawa la matope. Bwawa linaweza kujaa mchanga kwa mvua moja kubwa, au likachukua misimu kadhaa.

Mashamba ya kando ya mto ni sehemu ya bwawa, hata kama mwenye shamba haoni hivyo. Matuta ya fanya juu, ambayo yanajulikana Machakos tangu zamani, hupunguza udongo laini unaoingia mtoni: mkulima huchimba mtaro kwa kufuata kontua na kutupa udongo upande wa juu. Maji yanayobaki shambani hulisha mahindi, mbaazi na kunde.

Mchanga unaoibwa

Hakuna ukame unaomaliza bwawa la mchanga haraka kama lori. Mahitaji ya ujenzi mijini, hasa Nairobi, yameifanya mito ya Ukambani kuwa machimbo. Mchanga ukiondolewa, ghala la maji limeondolewa, na mwamba uliobaki hauhifadhi kitu. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na kazi ngumu imekuwa kuisimamia usiku, malori yanapokuja. Kikundi chenye bwawa kinahitaji kukubaliana mapema na wamiliki wa mashamba ya pande zote mbili kuhusu barabara za kufikia mto.

Kibali nacho kinahitajika. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, matumizi ya maji ya mto husimamiwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na vyama vya watumiaji wa maji hushughulikia migogoro ya bonde lao. Malalamiko ya walio chini ya mto hupungua wanapoelewa kwamba bwawa moja huzuia sehemu ndogo tu ya mafuriko. Mabwawa yakiwa mengi kwenye mkondo mmoja, malalamiko hayo yana msingi na yanastahili kusikilizwa kabla ya ukuta mwingine kujengwa.

Kuteka na kutumia

Shimo la wazi mchangani huchafuliwa na kinyesi cha punda na mifugo. Njia bora ni kisima kilichojengewa ukingoni, chenye kifuniko na pampu ya mkono, na birika la mifugo liwe mbali nacho upande wa chini wa mto. Kuchujwa na mchanga hakuui vijidudu vyote, kwa hiyo maji ya kunywa huchemshwa au kutiwa dawa ya klorini.

Bwawa la mchanga halitengenezi mvua. Kati ya 2020 na 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua haikutosha katika Pembe ya Afrika, na bwawa lisilopata mafuriko hukauka kama mto mwingine. Ndiyo maana kijiji hakitakiwi kutegemea chanzo kimoja. Paa la mabati la mita za mraba 50, mahali panapopata milimita 600 za mvua kwa mwaka, linaweza kutoa takriban lita 24,000, hata baada ya kuondoa sehemu moja ya tano inayopotea. Kusini mwa Kitui, vilima vya mwamba mtupu navyo hujengewa kuta ndogo zinazoelekeza maji kwenye tangi.

Vyanzo hivi vikiwepo pamoja, mpangilio wa kuvitumia una maana kubwa. Maji ya lambo hutangulia, kwa mifugo na bustani, kwa kuwa yasipotumika yatakwenda na jua. Yakiisha, hufuata ya mchangani. Tangi lililofunikwa huachwa kwa ajili ya kunywa na kupikia, na kufuli lake hukaa kwa kamati hadi wiki za mwisho kabla ya vuli.