SOMO KWA VYAMA VYA WAVUVI: KILO YA MVUVI, TOKA MTUMBWINI HADI DAFTARINI

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa kuwahimiza watu waweke akiba. Lakini ndani yake mna neno la pili ambalo husahauliwa mara nyingi: kabla ya kujazwa, kibaba chenyewe hakina budi kuwapo, nacho kiwe cha haki. Mvuvi aliyekesha ziwani usiku kucha, kisha akapimiwa kwa kibaba kisicho cha haki, amefanya kazi ya bure kwa sehemu ile aliyopunjwa.

Somo hili limekusudiwa lisomwe na Katibu mbele ya wanachama, na baada ya kusomwa lijadiliwe. Linahusu njia anayopita samaki wa mshipi na wa wavu tangu atolewe majini mpaka aandikwe daftarini. Katika njia hiyo kilo hupotea mahali patatu: ndani ya mtumbwi, penye mizani, na kwenye kalamu ya Katibu. Mahali pa kwanza, pamoja na kilo, hata uhai wa mtu huweza kupotea.

Ziwa na soko lake

Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na Mkoa wa Rukwa, una maji ya kuvua pande mbili. Upande wa magharibi, katika Wilaya ya Tanganyika, kuna Karema na Ikola kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina urefu wa kilometa zaidi ya 670 na kina kinachofikia meta 1,470, na ni mali ya pamoja ya Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Humo hupatikana dagaa, migebuka, kuhe na sangala. Upande wa kusini-mashariki liko Ziwa Rukwa, ambalo maji yake ni machache na kina chake kifupi, nalo hutoa perege na kambale.

Kutoka Karema hadi Mpanda mjini ni safari ya zaidi ya kilometa mia moja. Samaki aliyeshikwa vibaya alfajiri hawezi kufika sokoni akiwa na thamani ile ile aliyokuwa nayo majini. Kwa hiyo bei ya Mpanda huanza kutengenezwa ndani ya mtumbwi.

Usalama wa mtumbwi kwanza

Mtumbwi mdogo hupinduka kwa sababu ya mwendo wa watu kuliko kwa sababu ya wimbi peke yake. Mvuvi mmoja akisimama ghafla kumvuta samaki mkubwa, na mwenzake naye akaegemea upande ule ule ili kumsaidia, mtumbwi hulala na maji huingia. Kanuni ni hii: avutaye mshipi na akae chini, na mwenzake akae upande wa pili kuleta usawa. Samaki waliokwisha kupatikana wawekwe katikati, chini kabisa. Wasirundikwe omoni wala tezini. Mtumbwi usijazwe hata ubao wake ukakaribia maji, kwa maana wimbi dogo tu litamaliza kazi.

Katika miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika. Mvuvi mwenye busara hutazama mbingu kabla ya kutazama chambo. Kila mtu mtumbwini awe na jaketi okozi, na alivae; jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Pawepo pia kopo la kuchotea maji, taa, na kisu kikali kilicho karibu na mkono, cha kukatia mshipi endapo utamzonga mtu mguuni.

Mshipi wenye samaki mzito usizungushwe mkononi wala kidoleni. Samaki akikimbia kwa nguvu, mshipi hukata nyama. Ndoana zisizotumika zichomwe kwenye kipande cha ubao laini, zisiachwe sakafuni. Ndoana ikimchoma mtu na kuzama hata kigumba chake kisionekane, isivutwe kwa nguvu. Mshipi ukatwe, jeraha lifungwe kwa kitambaa safi, na mtu apelekwe zahanati, ambako pia ataulizwa habari za chanjo ya pepopunda. Ndoana iliyoingia karibu na jicho isiguswe kabisa.

Kumshika samaki

Samaki mkubwa afikapo ubavuni mwa mtumbwi, apokewe kwa wavu wa mkono. Kumwinua kwa mshipi mtupu humchana mdomo, na mara nyingi humrudisha ziwani. Akiwa ndani, ashikwe kwa mikono miwili, mmoja nyuma ya kichwa na mwingine karibu na mkia. Ndoana itolewe kwa koleo, si kwa vidole, kwa kuwa meno na ndoana ya pili huweza kuwa pamoja mdomoni.

Kambale na gogogo wana miiba migumu kwenye mapezi. Miiba hiyo husimama samaki anaposhtuka, na jeraha lake huuma na kuvimba. Tena katika Ziwa Tanganyika yumo kambale mwenye umeme, ambaye humpiga mtu akiguswa kwa mkono mtupu. Huyo na aachwe kwenye wavu mpaka atulie, au mshipi ukatwe aende zake.

Samaki mchanga asiyefaa kuuzwa, kama yu hai, arudishwe majini upesi, akiwa ameshikwa kwa mikono iliyolowa. Mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na magonjwa. Kumrudisha kwa namna hiyo ni kuweka akiba ya mwaka ujao.

Kumtunza ili asipoteze thamani

Samaki asitupwe, asikanyagwe, wala asikaliwe. Nyama iliyopondeka huharibika kabla ya nyama nzima, na mnunuzi huijua kwa kuibonyeza: nyama nzuri hurudi mahali pake, mbovu hubaki na shimo. Samaki mkubwa atolewe matumbo na mashavu mapema, aoshwe kwa maji safi ya ziwani mbali na ufukwe, kisha akingwe jua. Penye barafu, kadiri inayofaa katika nchi ya joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Pasipo na barafu, gunia safi lililoloweshwa na kutandazwa juu yake chini ya kivuli ni bora kuliko kumwacha wazi.

Jua la saa tatu asubuhi halimwonei huruma mtu aliyechelewa. Mvuvi anayekaa ufukweni akijadili bei huku samaki wake wakiwa juani, kila dakika anampunguzia mnunuzi bei kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa nini mizani isitumike majini

Iko desturi ya wachuuzi kuwafuata wavuvi majini na kupima samaki mtumbwini kwa mizani ya kuning'iniza. Desturi hii ni mbaya kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni usalama. Anayepima husimama, huinua mkono juu, na kuning'iniza mzigo unaoyumba. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuupindua mtumbwi.

Sababu ya pili ni haki. Mizani ya kuning'iniza hufanya kazi kwa springi inayovutwa na mzigo. Wimbi linapouinua mtumbwi kwa nguvu, uzito huonekana umeongezeka. Mtumbwi unaposhuka ghafla, huonekana umepungua. Mshale huchezacheza, na mwenye mizani huchagua pa kusoma. Ni wazi kwamba mnunuzi hatachagua pale panapompendeza mvuvi.

Kwa hiyo samaki majini wahesabiwe tu, na kila mvuvi atenge wake kwenye kreti yenye alama yake. Kupima kufanywe nchi kavu.

Kupima ufukweni

Mizani itundikwe kwenye mti au nguzo imara, mahali penye kivuli na pasipo upepo mwingi. Ikiwa ni ya kukaa chini, iwekwe juu ya ubao ulionyooka, si juu ya mchanga. Kisha Katibu afuate hatua hizi kila siku bila kuruka hata moja.

Kwanza, atazame mshale kabla ya kuweka kitu. Usiposimama kwenye sifuri, mizani irekebishwe, na wanachama waliopo waone.

Pili, aijaribu kwa maji. Dumu tupu lipimwe, kisha litiwe lita 10 za maji kwa kipimo cha haki, lipimwe tena. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja; kwa hiyo tofauti iwe kilo 10. Isipokuwa hivyo, mizani hiyo isitumike. Jaribio hili haliondoi wajibu wa kuipeleka mizani kwa Wakala wa Vipimo kuhakikiwa na kupigwa chapa kila mwaka.

Tatu, samaki wachujwe maji, na barafu iondolewe. Maji si samaki. Mnunuzi naye ana haki yake.

Nne, samaki mkubwa asitundikwe kwa taya wala kwa mashavu. Uzito wake mwenyewe humchana. Awekwe kwenye kreti au kwenye wavu, na uzito wa chombo hicho utolewe.

Tano, uzito wa chombo upimwe kweli, usikadiriwe. Hapa ndipo kilo nyingi zinapopotelea. Tuchukue mfano. Kreti yenye samaki imepimwa ikawa kilo 34.5. Kreti tupu ni kilo 2.5. Samaki ni kilo 32 kamili. Lakini Katibu, kwa kutaka hesabu nyepesi, anaondoa kilo 3 na kuandika 31.5. Nusu kilo imepotea, na hakuna aliyeiba. Sasa chama kiwe na wanachama 40, kila mmoja akileta samaki mara tano kwa wiki: nusu kilo hiyo inakuwa kilo 100 kwa wiki. Kwa wiki 40 za uvuvi ni kilo 4,000, yaani tani nne, zilizoliwa na uvivu wa kupima kreti tupu.

Dagaa wanahitaji neno la pekee, kwa kuwa mara nyingi huuzwa kwa ndoo au beseni. Ndoo hupimwa kwa jicho, na jicho la mnunuzi huona ndoo imejaa pale tu inapokuwa na kilima juu. Wakulima wa Katavi wanaijua lumbesa kwenye gunia la mahindi. Kilima cha dagaa ni lumbesa hiyo hiyo iliyohamia ziwani. Dagaa nao wapimwe kwa kilo. Tena uzito wa dagaa wabichi na wa dagaa wakavu uandikwe mahali mbalimbali, maana sehemu kubwa ya uzito wa samaki mbichi ni maji yanayokwenda na jua. Vyama vingi vimewashuku watunza ghala kwa upungufu ulioletwa na kichanja cha kukaushia.

Daftari na stakabadhi

Uzito usomwe kwa sauti, mvuvi akiutazama mshale kwa macho yake. Uandikwe papo hapo kwa wino: tarehe, jina, aina ya samaki, uzito pamoja na chombo, uzito wa chombo, na uzito halisi. Mvuvi apewe stakabadhi, na nakala ibaki chamani. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemchagua yeye mwenyewe.

Jioni, kilo zilizopokelewa zilinganishwe na kilo zilizouzwa. Upungufu ukionekana, uandikwe pamoja na sababu yake, na kila mwezi usomwe mbele ya Kamati. Upungufu ulioandikwa ni jambo la kujadiliwa. Uliofichwa huzaa fitina, na chama hufa.

Madaftari haya yana faida nyingine. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Mvuvi aliyetaka kujua kama pumziko hilo lilileta faida hakuweza kujibiwa kwa maneno ya barazani. Jibu hutoka kwenye kilo zilizoandikwa kabla na baada. Chama kisichopima hakina la kusema katika shauri la ziwa lake.

Hitimisho

Tarehe 21 Desemba 1844, wafumaji na mafundi wachache wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka dogo la ushirika. Bidhaa zao zilikuwa chache mno. Walichowapa wanachama ambacho maduka mengi ya siku zile hayakutoa ni unga usiochanganywa na kitu kingine, na vipimo kamili. Ushirika wa dunia nzima unahesabu ukoo wake tangu duka hilo. Mwanachama wa Ikola anapouona mshale umesimama kwenye sifuri kabla samaki wake hawajawekwa, anapata kitu kile kile walichokitafuta watu wale.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Mizani ya chama chetu ilihakikiwa lini mara ya mwisho, na ni nani aliyeiona chapa yake?
2. Kreti na ndoo zetu zina uzito gani? Zipimwe leo, na uzito uandikwe kwa rangi ubavuni mwa kila moja.
3. Ni mitumbwi mingapi ya wanachama inayotoka usiku bila jaketi okozi, na chama kinaweza kufanya nini kabla ya upepo wa Mei?
4. Upungufu wa mwezi uliopita ulikuwa kilo ngapi, na sababu yake iliandikwa wapi?