Somo la Kiteezi: Amri Moja Penye Maafa



Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la taka la Kiteezi liliporomoka na kufunika nyumba za majirani, wenyewe wakiwemo ndani pamoja na mifugo yao. Miili isiyopungua 35 ilifukuliwa. Hatulikumbuki tukio hili ili kutonesha vidonda. Tunataka tujifunze jinsi jiji linavyopaswa kujipanga kabla king'ora hakijalia.

Somo la kwanza ni uongozi. Jaa hilo, lililotumika tangu mwaka 1996, lilikuwa chini ya Mamlaka ya Jiji la Kampala, ilhali ardhi yake imo katika Wilaya ya Wakiso. Maafa hayatambui mipaka hiyo. Wakati wa dharura huitwa polisi, kikosi cha zimamoto na uokoaji, jeshi, wahudumu wa afya, Msalaba Mwekundu na Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia masuala ya maafa. Wote wana nia njema; hata hivyo, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana mpango mzuri hutaja mapema nani atatoa amri, na kila kikosi kitamripoti nani. Waokoaji huamua pa kuchimba, wahudumu wa afya huamua majeruhi yupi atangulie hospitali, nasi polisi huzingira eneo na kulinda mali za waliokimbia.

Somo la pili ni njia. Gari la wagonjwa likikwama katikati ya boda boda na watazamaji, dakika zinazopotea ni za mtu aliyefukiwa. Barabara moja iachwe wazi tangu mwanzo. Aidha, waokoaji wakiomba kimya, zimeni injini na nyamazeni: wanasikiliza sauti kutoka chini.

Somo la tatu, ambalo husahaulika zaidi, ni orodha ya majina. Mashine haijui nani alilala katika nyumba ipi. Jirani anajua, na mwenyekiti wa LC1 anajua. Zikiwepo orodha tatu, mtu mmoja atahesabiwa mara mbili na mwingine hatahesabiwa kabisa. Waokoaji watachimba palipo patupu, na penye mtu pataachwa. Kwa hiyo taarifa zote za waliopotea zipelekwe kwenye meza moja. Na aliyepatikana salama kwa shangazi yake, jina lake lifutwe mara moja.

Mwananchi, wewe ndiwe wa kwanza kufika, kwa kuwa tayari upo. Piga 999 au 112. Simu hizo hazitozwi malipo. Taja kwanza mahali: kijiji, kanisa, msikiti, shule au kituo cha boda boda kilicho karibu. Kisha eleza kilichotokea na idadi ya watu walio hatarini. Usikate simu kabla hujaruhusiwa. Anayepiga kwa mzaha huziba njia ya anayekufa.

Tunawaachia swali la kujadili katika mkutano ujao wa kijiji: usiku wa leo mlima ukiporomoka, ni njia ipi itaachwa wazi, na orodha ya majina itakuwa mikononi mwa nani? Kijiji kisichoweza kujibu leo, wakati pametulia, hakitaweza kujibu gizani.