SOMO: BWANA NA BIBI WANAPOTENGENEZA NYUMBA YAO KWA MIKONO YAO



Mwezi huu tunajifunza juu ya nyumba. Si nyumba ya mfano, bali ile ya matofali tunayolala ndani yake. Wengine watauliza: mambo ya udongo na misumari yanaingia namna gani katika somo la kanisa? Fungueni Walawi sura ya 14, kuanzia mstari wa 33. Humo mtakuta sheria nzima juu ya ukuta wenye madoa: kuhani anakuja kuuangalia, nyumba inafungwa siku saba, mawe yaliyoharibika yanatolewa, ukuta unakwaruzwa, kisha unapakwa udongo mpya. Tena katika Nehemia 3:12 tunamwona Shalumu akitengeneza ukuta wa Yerusalema pamoja na binti zake. Na Akila na bibi yake Priskila, katika Matendo ya Mitume sura ya 18, walikuwa na kazi moja ya mikono. Basi ni kazi ya heshima.

Huku kwetu Lubumbashi mvua inaanza mwezi wa 10 na kuendelea mpaka mwezi wa 4. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 ni kiangazi. Miezi hiyo ndiyo ya kutengeneza, kwa maana udongo unakauka vizuri na paa linaweza kufunguliwa bila hofu. Lakini miezi ya kuangalia ni ile ya mvua. Hapo ndipo kosa la kwanza la jamaa nyingi: wanaanza kufikiri juu ya nyumba wakati imekauka na imesahau kuvuja.

Tunapotembelea jamaa tunaona jambo hili mara nyingi. Bwana anaweka feza kidogo kidogo kwa siri, kisha siku moja anarudi na makopo ya rangi. Bibi anatazama rangi, anatazama ndoo iliyo chini ya paa, ananyamaza. Rangi inapakwa mbele, upande wa barabara. Mvua ya mwezi wa 11 inakuja, maji yanapita nyuma ya rangi ile, na kabla ya Noeli inabanduka kama ganda la muhogo. Sasa kuna maneno ndani ya nyumba, na feza zimeisha. Ukiwasikiliza unaona kwamba ugomvi haukuanza na rangi. Ulianza pale mmoja alipokata shauri peke yake.

Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: mzunguke nyumba pamoja, baba na mama, siku ya mvua kubwa. Mama aonyeshe kwanza. Yeye ndiye anayefagia, anayejua kona gani inanuka unyevu, mlango gani unavimba, mahali gani mchwa wamepandisha njia yao ya udongo. Baba aandike katika kaye. Watoto nao waulizwe, kwani ndio wanaolala chumba kile kibovu. Mkimaliza, mupange kazi kwa kufuata njia ya maji: paa mbele, kisha chini ya kuta, kisha sakafu, kisha plasta, na rangi mwisho kabisa. Ukigeuza mpango huu unalipa mara mbili.

Paa. Manjanja hupigwa msumari juu ya mgongo wa wimbi, si ndani ya bonde, maana maji yanatembea ndani ya bonde. Janja moja lilalie lingine wimbi moja na nusu kwa upande, na kwa urefu sentimeta 15 hadi 20. Tundu la msumari wa zamani huzibwa kwa gudroni na kipande cha kitambaa. Anayepanda akanyage pale penye mistari ya misumari, kwa kuwa chini yake kuna mti. Mwingine ashike ngazi, na asiiache hata kama jirani anamwita. Kama waya wa umeme unapita juu ya manjanja ao unayagusa, msipande. Muite fundi wa umeme kwanza. Na mkikuta paa la zamani la eterniti, msilikate wala msilikwaruze: ndani yake mara nyingi kuna asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu hata baada ya miaka mingi.

Chini ya kuta. Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi, na udongo wake mara nyingi umetoka katika vichuguu, maana udongo wa kichuguu unashikana vizuri. Tofali bichi ni zuri. Lina baridi wakati wa jua, na halina garama. Lakini lina adui mmoja, ni maji. Maji yakianguka kutoka paani yanaruka na kupiga ukuta chini, na mwaka kwa mwaka ukuta unaliwa pale kama muwa. Dawa si simenti kwanza. Dawa ni mfereji wa kupeleka maji mbali, na paa linalotoka nje ya ukuta sentimeta 50 ao zaidi. Kuchimba mfereji ni kazi ya Jumamosi mbili kwa watu wawili wenye jembe. Msichimbe karibu sana na msingi.

Sasa plasta, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo feza nyingi zinapopotea. Watu wanafikiri simenti ni nguvu, basi wanaipaka juu ya tofali bichi. Lakini tofali bichi linavimba likipata unyevu na kujikunja likikauka, na simenti haimfuati mwenzake. Inapasuka, maji yanaingia katika ufa, hayana pa kutokea, na ukuta unaoza ndani huku nje unaonekana mzuri. Mkipiga kwa kidole mnasikia sauti ya mtungi mtupu.

Plasta ya udongo inafaa zaidi kwa ukuta wa udongo, na mama zetu wanaijua tangu kwa mabibi zao. Jaribuni hivi. Lowesheni udongo usiku mzima. Tengenezeni vipimo vitatu: ndoo moja ya udongo kwa moja ya mchanga, moja kwa mbili, na moja kwa tatu. Wekeni na majani makavu yaliyokatwa mafupi. Pakeni kila kipimo mahali padogo ukutani, mngoje siku kadhaa. Kile kilichopasuka kina udongo mwingi. Kile kinachotoka unga ukikisugua kwa kidole kina mchanga mwingi. Chukueni cha kati. Kabla ya kupaka, kwaruzeni ukuta na kuunyunyizia maji, pakeni unene wa sentimeta moja na nusu, na msiuache ukaushwe upesi na jua kali.

Hesabu ni rahisi, na watoto wa shule wanaweza kuifanya. Ukuta wa meta 4 kwa meta 2 na nusu ni meta za mraba 10. Kwa unene wa sentimeta moja na nusu, hiyo ni litre 150, yaani ndoo saba na nusu za litre 20. Udongo na mchanga vikichanganywa vinapungua, basi tayarisheni ndoo 10. Jamaa inayohesabu hivi mbele hainunui kwa kubahatisha.

Wanaotaka weupe, chokaa ni nzuri kuliko rangi ya mafuta, maana inaacha ukuta upumue. Nchi yetu ina mawe yake, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi. Lakini chokaa inachoma macho na ngozi. Watoto wasikaribie siku hiyo.

Jambo lingine hatuwezi kulipita mbio. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ni kali, na wengi wanaingiza mbabula ndani ya chumba wanapolala. Tena wakitengeneza nyumba wanaiweka ndani ili plasta ikauke upesi. Makala yanayowaka yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo inaua watu wakiwa usingizini. Kuona makala mekundu bila moshi si alama ya usalama. Mkiwa mnatengeneza ukuta, acheni matundu mawili chini ya paa, moja huku na moja ng'ambo, mkayafunike kwa wavu. Na mbabula ibaki nje. Jikoni vilevile: kabla ya kupamba sebule, mama apate mahali pa kupikia ambapo moshi unatoka. Tunashangaa kuona viti vipya kwa wageni na macho mekundu kwa mwenye nyumba.

Kuna kazi zisizofaa kwa mikono yetu. Ufa unaotoka katika msingi na kupanda, ufa unaoingiza kidole, ukuta ulioinama: muite fundi. Hakuna haya. Mkate shauri naye mkiwa wawili, garama iandikwe, na asilipwe yote siku ya kwanza.

Mwisho, karatasi. Fakture za manjanja na simenti, mkataba wa fundi, hati ya parsele, vyote viwekwe mahali ambapo wote wawili wanapajua. Tumeona mjane aliyechota maji na kukanyaga udongo wa nyumba nzima, na juma moja baada ya matanga ndugu za marehemu wakamwambia kwamba nyumba ni ya ukoo. Sheria ya Jamaa ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inampa mjane, mwanaume ao mwanamke, haki ya kuendelea kuikaa nyumba waliyokaa pamoja. Lakini haki inaomba ushahidi. Ndoa isiyoandikwa kwa etasivili inamwacha bibi na maneno matupu mbele ya mahakama. Kwa hiyo wale ambao wametoa mahari peke yake, waende kuandikisha ndoa kabla ya kununua janja la kwanza. Ni garama ndogo kuliko paa.

Maulizo ya kuzungumza katika vikundi:

Kwenu, nani alichagua kazi ya mwisho iliyofanywa katika nyumba, na nani alijua bei yake?

Ni maji yapi yaliyoingia mvua iliyopita, na yalipita wapi?

Kama mmoja wenu akiondoka leo, yule atakayebaki atazikuta wapi karatasi za parsele?