Mdogo wangu, anza na chungu kabla ya chupa

Haya, mdogo wangu, vuta kiti. Wakwe wanakuja Jumapili, mtu amekwambia mezani lazima iwepo divai nyeupe ya Ufaransa, na sasa usingizi umekuruka. Wengi wenu hapa Kolwezi mnaniletea neno hilihili, kwa hiyo usione haya. Hakuna aliyezaliwa anaijua divai. Ila yapo mambo nitakukataza, na unisikie yaya wako.

Kwanza niambie utapika nini. Kama ni samaki mbichi wa ziwa Nzilo, wa makaa, na ndimu pembeni na bukari ya moto, basi umemaliza kazi: tafuta Muscadet. Inatoka upande wa Nantes, kule mto Loire unakokaribia bahari, na wenyeji wake huinywa na chaza na samaki. Zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne; ilienea huko baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi. Ni divai kavu, nyepesi, yenye uchachu. Kwa hiyo shika kipimo changu: chakula ambacho mkono wako unakikamulia ndimu, kinaipenda divai hii. Fretini za kukaanga zinaipenda. Makayabu pia, bora uyaloweke usiku kucha na kubadilisha maji.

Ukiona sur lie kwenye lebo, usiogope. Divai hiyo imeachwa msimu wa baridi mzima juu ya machicha ya hamira yake, ndiyo maana mara nyingine ulimi unahisi kama inachoma kidogo. Wala usiihifadhi miaka kwa kudhani itapanda cheo. Muscadet nyingi hunywewa zingali changa.

Sasa makatazo. Usiipeleke kwenye sombe nzito ya mawese na karanga. Itapotea mdomoni kama haikuwepo. Usiipeleke kwenye michopo yenye pilipili ya kutoa machozi, maana pombe huongeza moto, na mama mkwe atakohoa mbele za watu. Michopo ipe bia ya Simba baridi, hakuna atakayekucheka. Na keki ikifika, divai iondoke: utamu wa keki utaifanya ionekane chungu, nawe utadhani umeuziwa mbovu.

Tena usinunue chupa iliyosimama dirishani juani. Joto huiua divai, na muuzaji hatakwambia. Nyumbani, umeme ukikatika, usihangaike: ndoo, barafu, maji na konzi ya chumvi, itapoa haraka kuliko ndani ya friji. Lakini isiwe baridi hadi ulimi ufe ganzi, utakuwa umelipia maji.

Na hapa nitakugombeza, maana nakupenda. Yuko anayechukua minerval ya mtoto akanunue Chablis au Sancerre ili asifiwe. Ni divai nzuri kweli, lakini jikune ujipatapo. Sifa za Jumapili haziwezi kumrudisha mtoto shuleni Jumatatu, na aibu hiyo hukaa nyumbani muda mrefu kuliko mgeni. Muscadet kwa kawaida ni nafuu kuliko hizo, na samaki wako hatajua tofauti.

Halafu watazame watu wako. Baba mkwe akiwa mtu wa maombi, mpe sukre kwa mikono miwili kabla hajaanza kukataa. Wifi mwenye mimba asimiminiwe hata kidogo, wala aliyekuja akiendesha gari asibembelezwe. Heshima ya meza ni kila mtu kuondoka salama na bila kuona haya, na hiyo haiuzwi dukani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mdogo wangu. Amua chungu leo, samaki mnunue asubuhi ya Jumapili, na chupa moja au mbili zinatosha. Wakishiba vizuri, watakusifu kwa mkono wako wa kupika, na ndiyo sifa utakayoishi nayo katika ndoa hiyo.