SOMO: ALAMA ZA KUSHINDANISHA NA UMOJA WA WANAFUNZI



Safari hii tunajifunza kutoka kwa watu ambao si wafanyakazi wenzetu. Ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Jambo lenyewe lilitokea Desemba 2012.

Kanuni ya mwalimu

Mwalimu mmoja wa kompyuta alikuwa na kanuni yake ya kutoa alama. Mwanafunzi aliyewashinda wenzake katika mtihani alihesabiwa kuwa amepata 100, na wengine wote walipimwa kwake. Tuseme aliyeongoza alipata 80. Hizo 80 ziligeuka 100, na aliyepata 60 akaandikiwa 75.

Tuitazame vizuri kanuni hii. Mtu hapimwi kwa anachokijua, anapimwa kwa mwenzake. Aliye juu akipanda, walio chini wanashuka. Basi anayemsaidia jirani yake kuelewa somo huenda anajipunguzia alama zake mwenyewe. Sisi tunaijua hali hiyo. Ndiyo ile bonasi ya kumlinganisha mtu na mtu, mpaka mwenye ujuzi anauficha asije akapitwa.

Walichofanya

Wanafunzi waliisoma kanuni mpaka mwisho. Wakaona kwamba asipofanya mtihani hata mmoja, wote watapata sifuri. Sifuri ndiyo itakuwa alama ya juu kabisa, na kila mmoja atahesabiwa 100.

Lakini hatari ilikuwapo. Kama mmoja tu angeingia akaandika, huyo angepata 100 na wengine wangebaki na sifuri zao. Kwa hiyo ahadi ya mdomo haikutosha. Siku ya mtihani walifika, wakasimama nje ya vyumba wakiangaliana, tayari kuingia wote kama mmoja angevunja mgomo. Katika madarasa yote matatu hakuingia mtu. Mwalimu aliiheshimu kanuni yake, akawapa wote alama A kwa mtihani ule.

Mafunzo kwetu

1. Ushindani ulitoka katika kanuni, haukuwa tabia ya kuzaliwa. Walewale waliokuwa wakishindana ndio walioshikamana.

2. Umoja hauji wenyewe. Watu hushikamana wakiona kwa macho kwamba wenzao nao wamesimama. Ndiyo maana wakati wa mgomo tunakaa pamoja langoni, hatukai kila mtu nyumbani kwake.

3. Ushindi usio na mapatano haudumu. Baadaye mwalimu aliongeza kifungu: wote wakipata sifuri, itabaki sifuri. Njia ile ikafungwa.

4. Alama si elimu. Wanafunzi walipata A, lakini mtihani haukufanyika. Chama hakiombi watu walipwe bila kazi. Tunachodai ni kipimo cha haki, kinachojulikana mapema, ambacho kila anayekifikia anapata stahili yake bila kumwangusha mwenzake.

Maswali ya kujadili katika tawi

(a) Kazini kwetu, ni malipo gani yanayotolewa kwa kumshindanisha mtu na mwenzake?

(b) Nani aliiandika kanuni ya malipo hayo, na wangapi kati yetu wameisoma mpaka mwisho?

(c) Tukikubaliana jambo, kila mmoja atajuaje kwamba hataachwa peke yake?

Katibu wa tawi aandike majibu, ayalete katika mkutano ujao.